Barabarani Hakuna Shikamoo

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaopenda kuhesabu mababu. Mimi nilimjua akiwa tayari ana mvi kichwani na tarumbeta mgongoni, na kila mtu pale Bungu, kuanzia mchungaji hadi wauza ndizi, alimwita Mwalimu. Hakuwahi kufundisha shule hata siku moja. Alifundisha matarumbeta ya kanisa, na kwa kuwa matarumbeta yetu yalisafiri kwa baiskeli, ikabidi atufundishe pia namna ya kubaki hai.

Kila mwezi tulikuwa na safari ya Muheza. Usharika wa kule ulikuwa umeanzisha kikundi na haukuwa na mtu wa kukifundisha, basi Mwalimu akajitolea, na sisi wapigaji wake tukajikuta tumejitolea bila kuulizwa. Ijumaa tulishuka mlimani hadi Korogwe tukalala kwenye nyumba ya kanisa. Jumamosi kukipambazuka tuliingia barabara kuu, tukapita Segera na kushika njia ya Tanga. Anayeijua njia ile hahitaji kuelezwa. Malori ya bandarini, mabasi yanayofukuzana kama yameibiana abiria, matangi ya mafuta, bodaboda zinazochomoka usikotazamia, na pembeni ya lami nafasi ya kupita mbuzi mmoja aliyekonda. Humo ndimo tulimopita, mzee yule akiwa mbele.

Binti yake alikuwa anauza vitambaa sokoni Lushoto. Kabla ya kila safari alinipigia simu na kuniambia maneno yaleyale: "Dada, namtaka baba yangu mzima." Alinichagua mimi kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee kwenye kikundi, na kwa maoni yake wale wanaume wote hawakuwa na akili ya kumlinda hata kuku. Sikubishana naye. Nikawa naendesha nyuma kabisa ya msafara, macho yangu kwenye mgongo wa Mwalimu, nikijua kwamba akigongwa ni mimi nitakayepokea ile simu.

Mtu atauliza, kwani basi la abiria halikuwepo? Lilikuwepo. Ila zamani konda mmoja alilirusha tarumbeta la besi juu ya basi, kisha akapanga viroba vya kabichi juu yake. Lilipoteremshwa lilikuwa bapa kama chapati. Mwalimu alivua kofia akalitazama kama anavyotazamwa marehemu, na tangu siku hiyo hakutaka kusikia habari za basi. "Konda akikuvunja mguu, hospitali zipo," alisema. "Akikubonda besi, utaipeleka wapi?"

Kwake usalama ulianza na kuonekana. Aliamini dereva hawezi kugonga kitu ambacho ameshakicheka. Kwaya ilipopata sare mpya, aliomba yale majoho mekundu ya zamani, akatuvalisha sote, na pindo tukalipandisha magotini kwa kamba ya katani ili lisimezwe na mnyororo. Mara ya kwanza tulipopita karibu na Hale tukiwa tumevaa hivyo, lori moja lilipunguza mwendo likasimama mbele yetu. Utingo akaruka chini, akaja kwa adabu zote mikono nyuma.

"Poleni, wazee. Kuna msiba?"

"Bado," alisema Mwalimu. "Ndiyo maana tumevaa hivi."

Pamoja na joho alikuwa na ufito. Aliufunga kwenye keria ya baiskeli ukachomoza upande wa kulia, na nchani akafunga kitambaa chekundu. Gari lililotaka kutubana lililazimika kwanza kukwaruzwa na ufito ule. Tulimcheka, tukamwambia ufito hauzuii lori. Akasema hakuna aliyesema unazuia. "Dereva haogopi kuniua mimi. Anaogopa kuchubua rangi ya gari la tajiri wake." Nimeangalia madereva kwa miaka mingi tangu wakati ule, na bado sijaona sababu ya kumbishia.

Kisha kulikuwa na masikio. Alisikia gari kabla ya sisi wengine kujua kuna gari, na kwa kuwa alikuwa mtu wa muziki alituambia linaimba sauti gani. "Hiyo ni semi, imejaa, haina haraka." "Hilo ni basi, dereva wake ana njaa." Sote tulikatazwa kuweka spika za simu masikioni, kutafuna, kupiga soga, na kuendesha wawili wawili. Giza alilipima kwa kitabu cha nyimbo: ukishindwa kusoma nota, unashuka, hata kama kanisa unaliona kwa macho. Pale njia panda ya Segera hatukuvuka tukiwa juu ya baiskeli hata siku moja. Tulisimama kando, tukaimba ubeti mzima wa wimbo, ndipo tukavuka tukisukuma, na kama barabara ilikuwa tupu tuliimba vilevile. Wauza mahindi wa pale walituzoea, mmoja wao akawa anatuitikia.

Mimi wa nyuma nilipewa kazi ya kutoa ishara. Nikiona gari kubwa linakuja nyuma yetu na jingine linatoka mbele, yakielekea kupishana hapo tulipo, napuliza nota moja ndefu, na kila mtu anateremka na kuingia kwenye majani. Nilimuuliza mbona wengine wanakatazwa kuachia usukani na mimi nashika tarumbeta. Akanijibu kwamba mmoja kufa kwa ajili ya wengi ni jambo lililoandikwa. Siku ya pili yake alinijia na mpira wa tyubu, akalifunga tarumbeta langu dogo kwenye usukani, mdomo wake ukinielekea, nikawa nainamisha kichwa tu na kupuliza.

Asiyeteremka tarumbeta likilia alikuwa na adhabu yake. Baiskeli anaisukuma kwa miguu, na haipandi tena mpaka aliyepiga tarumbeta atamke mwenyewe kwamba amemsamehe. "Hata askofu," alisema Mwalimu akituonyesha kidole. "Akipanda baiskeli na sisi, hata askofu." Askofu hakuwahi kupanda baiskeli na sisi, lakini mpiga besi wetu, bwana mmoja mnene mwenye shamba la viazi na moyo mwepesi, alisukuma ya kwake kwa niaba ya maaskofu wote.

Sasa mtu huyuhuyu, mwenye sheria nyingi kuliko mahakama, ungemwona kwenye mteremko wa kutoka Bungu usingeamini. Pale penye kona za vumbi, korongo upande mmoja na chai ya watu upande wa pili, alinyoosha miguu yote miwili mbele, akaachia breki, akashuka akiimba. Nilimpigia kelele hadi sauti ikanikauka. Alitungojea chini, joho limejaa vumbi, akasema kona zile zinamjua tangu hajaota ndevu, na huko chini kwenye lami ndiko hakuna anayemjua. Wakati wa kurudi tulipanda mlima juu ya pikapu za mizigo. Mwalimu alilala fofofo juu ya magunia, mdomo wazi, amekumbatia tarumbeta lake. Na alituhubiria kuhusu mzigo kuzidi kwenye baiskeli, kisha Muheza akanunua machungwa mengi, na yalipokosa mahali akayajaza ndani ya besi. Mwezi uliofuata tulipiga kwenye harusi Lushoto, besi ikawa inatoa sauti ya mtu anayezama. Mpiga besi aliingiza mkono mzima mbele ya bibi harusi, akatoa chungwa lililooza. Mwalimu akamtazama kwa huzuni, akamwambia mtu mzima hali machungwa kwa kujificha.

Lakini sheria iliyomletea matatizo makubwa ni ile ya salamu.

Kwetu mlimani, mtoto aliyempita mzee bila kumwamkia atakuta habari zake zimefika nyumbani kabla yake. Ukiwa kwenye baiskeli unafunga breki, unatoa mkono, unavua kofia, unainama, unaamkia, unangoja uitikiwe. Na kwa kuwa njia zetu ni za mlima na mwendo ni wa kujikokota, hakuna anayeumia. Tatizo ni kwamba tulishuka na adabu hiyo mpaka kwenye lami. Siku moja nje kidogo ya Korogwe alikuwa amesimama mzee wa kanisa wa Mgwashi, anayefahamika milima yote kwa ukali wake, anangoja usafiri na kapu lake la mapeasi. Mpiga besi akamwona. Bila kufikiri akaachia usukani, akavua kofia, akainamisha kichwa. "Shikamoo, baba!" Baiskeli ikaingia barabarani yenyewe, yeye bado ameinama anangoja marahaba. Basi lilipiga honi, mtu akapiga yowe, mpiga besi akakata usukani na kutumbukia mtaroni na besi yake juu. Upepo wa basi lile nausikia shingoni hadi leo. Mzee wa Mgwashi akasogea ukingoni mwa mtaro, akamchungulia, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Hapohapo Mwalimu akatunga sheria. Barabarani hakuna shikamoo. Huamkii mtu, huitikii mtu, wala hata yeye mwenyewe tusithubutu kumwamkia akiwa juu ya baiskeli.

Safari iliyofuata tukampita mzee yuleyule, mahali palepale, sote tumekodoa macho mbele kama askari wa gwaride. Jumapili ya wiki iliyofuata alipanda hadi Bungu kutushtaki kwa wazee wa kanisa. Alisema tumempita kama nguzo ya umeme. Alisema matarumbeta yametuharibu, na kwamba kikundi kisicho na adabu kisipige tena kanisani. Wazee walitikisa vichwa, na mimi niliona wazi kwamba tunafungiwa.

Mwalimu akasimama, akamwendea mshtaki, akainama kabisa. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema yule mzee kwa shida.

"Naomba kitu kimoja tu. Utoke nje, upande baiskeli yangu. Uende mpaka kwenye mnara wa kengele na kurudi. Ukiitikia salamu zote kwa adabu, mimi naacha tarumbeta leo."

Mzee alikuwa na kiburi chake, akapanda. Mwalimu alikuwa ameshawapanga waumini pande mbili za njia, watoto kwa wakubwa, wakawa wanamwamkia kwa zamu, shikamoo kulia, shikamoo kushoto. Ya kwanza aliitikia kwa mkono. Ya pili aliitikia kwa kichwa. Baada ya hapo alikuwa anaitikia na kuyumba, anayumba na kuitikia, mpaka akaingia kwenye bustani ya mchungaji na kuanguka katikati ya kabichi. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Mzee mwenyewe alikaa palepale alipoangukia, akacheka hadi akatoa machozi, na kesi ikaisha.

Hata hivyo Mwalimu hakutaka ibaki hivyo. Aliona salamu uliyomnyima mtu haipotei, bado ni yake. Kwa hiyo tulipofika Muheza, kabla ya kunywa hata maji, alitusimamisha kwenye mstari, tukageukia tulikotoka, tukavua kofia, na sote kwa pamoja tukasema kwa sauti: "Shikamooni nyote tuliowapita!" Wauza viungo wa sokoni walituona vichaa. Mama mmoja mwenye meza ya iliki alizoea kutuitikia kwa niaba ya barabara nzima.

Miaka ikapita kama kawaida yake. Mimi nikaolewa Muheza nikafungua kibanda cha kushona. Mpiga besi akanunua pikipiki, akasema magoti yake hayamtaki Mungu kwa kiasi kile. Kikundi cha Muheza kikapata mwalimu wake. Aliyebaki na safari ni Mwalimu peke yake, ambaye sasa hakuwa na wa kumfundisha wala sababu ya kushuka, ila alisema anakwenda kusikiliza kama wanapiga vizuri. Binti yake alimsihi, akamnunulia redio, akamficha pampu. Akawa anajaza upepo kwa jirani.

Mwaka jana simu ikaja asubuhi nikiwa kwenye cherehani. "Dada, amelala Korogwe. Yuko njiani peke yake. Namtaka mzima."

Nilifunga kibanda, nikatoa baiskeli yangu, ambayo tarumbeta lilikuwa bado limefungwa usukanini kwa ule mpira, maana sikuwahi kuwa na moyo wa kulifungua. Nilielekea upande wa Hale. Nilimwona kwa mbali, joho lile jekundu limepauka likawa rangi ya waridi, ufito umechomoza, anakuja polepole kwenye ukingo wa lami. Alipita bila kunitazama, macho mbele. Sikumwita. Sheria naijua. Niligeuza nikaingia nyuma yake, mahali pangu pa siku zote, na kwa muda mfupi nilifurahi kama mtu aliyerudi nyumbani.

Kisha nikasikia lori nyuma yetu, limejaa, linanguruma. Mbele basi lilikuwa linakuja kasi. Niliinamisha kichwa, nikapuliza nota ndefu, nikaingia kwenye majani. Mwalimu aliendelea kunyonga. Nikapuliza tena kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka, hakushtuka, alikuwa ananyonga vilevile, taratibu, na lori likapita katikati yetu na basi, na nikasikia kitu kinavunjika.

Lilipopita lote nilimwona ameingia kwenye majani na baiskeli yake, amesimama. Kilichovunjika kilikuwa ufito. Kitambaa chekundu kilikuwa kinaviringika katikati ya barabara. Hasira niliyokuwa nayo sijawahi kuwa nayo hata kwa mume wangu.

"Aa, ni wewe, mwanangu," alisema. "Mbona hukupiga?"

"Nimepiga, Mwalimu! Nimepiga mpaka midomo inaniuma!"

Akalitazama tarumbeta usukanini mwangu. "Basi ulipiga chini. Wewe sauti yako siku zote iko chini." Ulikuwa utani wake wa zamani, lakini uso wake haukuwa wa utani. Akainama kujipangusa vumbi kwenye joho.

Nilikuwa nimesimama kulia kwake, upande wa barabara. Sijui nani alinituma. Nilisema kwa sauti ya kawaida, "Shikamoo, Mwalimu."

Akaendelea kujipangusa. Mtu ambaye Bungu angeitikia hata usingizini.

Nikazunguka nyuma yake hadi kushoto. Nikamsogelea. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Sasa muda wote huo ulikuwa unangoja nini kuniamkia?"

Machozi yakanitoka. Nilimuuliza ni tangu lini. Alifikiri, akasema sikio la kulia lilimuaga yeye wakati mpiga besi bado hajanunua pikipiki. Kwa maneno mengine, nilipokuwa nyuma yake nikijiona mlinzi, mzee alikuwa nusu kiziwi, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua, kwa sababu barabarani hatukuruhusiwa kumwamkia.

"Ile sheria uliiweka kwa ajili ya usalama, au kwa ajili ya sikio?"

"Ilianza kwa usalama," alisema. "Sikio likaja kuikuta, likaipenda."

"Na magari ulikuwa unayasikiaje?"

"Nilikuwa nakusikia wewe. La kushoto lilitosha kwa tarumbeta lako. Siku hizi nalo linachagua. Usimwambie binti yangu."

Akaiweka baiskeli sawa, akashika usukani, akainua mguu. Muheza hapakuwa mbali na magari yalikuwa yanapita mfululizo. Ningeweza kumsihi, lakini alikuwa ameshasihiwa na watu wanaojua kusihi kuliko mimi, na kila mmoja alimjibu kwa kichekesho. Nikasogea tena kwenye sikio la kushoto.

"Mwalimu. Tarumbeta limelia na hukuteremka."

Mguu ukabaki hewani. Alinitazama, akatazama barabara, akanitazama tena, na nikaona anatafuta pa kutorokea na hapati, maana kila tundu alikuwa ameliziba yeye mwenyewe.

"Hata askofu," alisema kwa sauti ndogo.

"Hata askofu."

Akaushusha mguu. Akauliza kama ninavyoulizwa na wateja wenye haraka, "Na utanisamehe lini?"

"Siku nitakayokuamkia upande wa kulia ukaniitikia."

Alicheka. Alicheka mpaka akashikilia tandiko la baiskeli, akasema amefundisha watu wengi lakini mwenye roho mbaya ni mmoja tu. Kisha akaanza kusukuma, mimi nikisukuma ya kwangu upande wa barabara, kati yake na magari.

Hatukuwa tumekwenda mbali alipomwona mama anauza nyanya kando ya njia. Akasimama. Akavua kofia, akamsalimu kwa Kisambaa. "Onga mshi, mama! Habari za hapa?" Nikamkumbusha sheria. "Sheria ni ya wenye baiskeli," alisema. "Mimi ni mtu wa miguu." Akamgeuzia yule mama sikio la kushoto, akauliza nyanya, akauliza watoto, akauliza mvua. Baada ya yule mama wakaja wanafunzi, kila mmoja na shikamoo yake, na kila mmoja akainamiwa akaitikiwa. Kisha fundi wa pancha. Kisha mzee mmoja mkubwa kuliko yeye, aliyekaa nje ya duka, ambaye Mwalimu alimwamkia kwa kuinama na kumwomba radhi kwa miaka yote aliyompita bila kumsalimu. Yule mzee hakujua anaombwa radhi ya nini, ila alisamehe.

Simu yangu ikalia tukiwa ndiyo tumeingia sokoni Muheza, jua limeelemea magharibi. Binti yake alikuwa amekwisha kulia, nilimsikia. Kwa kawaida saa sita baba yake huwa ameshafika.

"Dada, niambie ukweli. Baba yuko wapi?"

Nilimtazama. Alikuwa mbele ya meza ya yule mama wa iliki, kofia mkononi, shingo ameipinda kushoto.

"Yuko hapa," nikasema. "Ni mzima. Ila ana salamu nyingi, na ndiyo kwanza anaanza."